Wito wa Harambee kwa Ajili ya Mafunzo kwa Vitendo ya Wanafunzi wa Diplomasia na Biashara ya Kimataifa

Ndugu wazazi na walezi, wahitimu wetu, waheshimiwa mabalozi wastaafu, wafanyabiashara na marafiki wote wa idara yetu,

Kwa heshima kubwa tunawaandikia kuwaomba mchango wenu katika kuanzisha mfuko wa mafunzo kwa vitendo kwa ajili ya wanafunzi wanaosomea diplomasia na biashara ya kimataifa. Barua hii haihusu ada ya masomo, ambayo wanafunzi wetu wengi huimudu kwa mikopo, kwa ufadhili na kwa jasho la wazazi wao. Tunaombea kile kinachobaki nje ya ada, nacho ndicho kinachoamua nani kati yao ataifanya kazi aliyoisomea: miezi michache ya kukaa karibu na watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku.

Wengi wenu mnaweza kudhani kwamba mwanafunzi akishachaguliwa kwenda kujifunza kazi katika taasisi ya kimataifa, gharama zake hubebwa na taasisi hiyo. Sivyo ilivyo. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanafunzi wanaofanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi zake, na nauli, viza, bima ya afya na malazi ni juu ya mwanafunzi mwenyewe au wa kumdhamini. Balozi nyingi nazo hupokea wanafunzi kwa masharti ya namna hiyo hiyo. Ofisi zenyewe ziko New York, Geneva, Vienna na miji mingine ambayo maisha yake ni ghali hata kwa mwenye mshahara. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hodari, aliyeshindana na wenzake kutoka pande zote za dunia na kuchaguliwa kwa sifa zake, hujikuta ameshika barua ya kukubaliwa na hana namna ya kuondoka, na nafasi yake humwendea mwingine ambaye familia yake inao uwezo. Tunaliona jambo hili kuwa dhuluma, ingawa hakuna aliyekusudia kudhulumu.

Huenda mtu akauliza kwa nini mwanafunzi asijifunze kazi hii darasani, kwenye vitabu na mikataba. Sehemu yake kubwa hujifunza huko, na tunaifundisha kwa bidii. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia una ibara 53, na mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza anatakiwa aweze kueleza kazi za ubalozi zilizotajwa katika ibara ya 3, yaani kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kufanya mazungumzo, kufuatilia hali ya nchi mwenyeji kwa njia halali na kukuza uhusiano mwema, ukiwamo wa kiuchumi. Anatakiwa pia ajue kwamba kinga ya mwanadiplomasia haimwondolei wajibu wa kuheshimu sheria za nchi aliyopelekwa, jambo linalosemwa waziwazi katika ibara ya 41. Haya yote yanasomeka. Namna mazungumzo yenyewe yanavyokwenda haisomeki kwa urahisi hivyo.

Shirika la Biashara Duniani, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 1995 na sasa lina wanachama 166, huamua mambo yake kwa makubaliano ya pamoja badala ya kupiga kura. Mtu akisikia hivyo huona kwamba kila nchi, hata iliyo ndogo kabisa, ina nguvu ya kuzuia jambo lisilolifaa. Lakini mkataba ulioanzisha shirika hilo unaeleza kwamba makubaliano yamepatikana pale ambapo hakuna mwanachama aliyehudhuria kikao akapinga rasmi uamuzi unaopendekezwa. Tunawaomba mlitafakari neno hilo la kuhudhuria. Nchi ambayo mjumbe wake hakuwamo chumbani inahesabiwa pamoja na zilizokubali, hata kama uamuzi huo utawaumiza wakulima na wenye viwanda wake kwa miaka mingi ijayo. Wapo wanachama wasio na ofisi ya kudumu mjini Geneva, yaliko makao ya shirika hilo, hata leo, na wengine wengi wana maofisa wachache mno, kiasi kwamba mtu mmoja hutakiwa asubuhi moja awe kwenye kikao cha biashara, kwenye kikao cha afya na kwenye kikao cha haki za binadamu. Tunaposema kwamba tunataka wanafunzi wetu wafike kwenye vyumba hivyo wakiwa bado wanajifunza, hii ndiyo sababu kuu, na kama ingekuwapo nafasi ya kusema jambo moja tu katika barua hii, tungesema hili.

Hata akiwamo chumbani, mjumbe asiyeijua bidhaa inayojadiliwa hana la kusema. Chukueni mfano wa shati. Limeshonwa katika nchi moja, kwa kitambaa kilichofumwa katika nchi ya pili, kwa uzi uliosokotwa katika nchi ya tatu. Je, ni shati la nchi gani? Jibu linategemea kanuni za uasili wa bidhaa zilizomo katika kila mkataba wa biashara, na ndilo linaloamua kama shati hilo litavuka mpaka bila ushuru au litatozwa kama la mgeni yeyote. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulitiwa saini Kigali tarehe 21 Machi 2018, na biashara chini yake ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021, lakini kanuni za uasili wa nguo na magari ziliendelea kubishaniwa baada ya hapo, kwa sababu kila nchi ilikuwa na viwanda vya kulinda au viwanda iliyotamani kuvijenga. Mwanafunzi anayetaka kuyaelewa mabishano hayo anahitaji kukaa na wakala wa forodha akaona namna mzigo unavyopewa namba yake ya tarakimu sita inayotumika karibu dunia nzima, namna kosa la tarakimu moja linavyoweza kubadili ushuru, na namna kontena linavyokwama bandarini kwa sababu ya cheti kimoja. Ndiyo maana sehemu ya mfuko huu itawalipia nauli na posho wanafunzi watakaokwenda bandarini, mipakani na katika kampuni zinazosafirisha bidhaa, na si wale wa balozini peke yao. Wengi hulipuuza jambo hili kwa kuwa halina fahari ya ubalozi, nasi tunaliona kuwa nusu nzima ya elimu hii.

Sehemu nyingine itakwenda kwenye lugha. Umoja wa Mataifa unatumia lugha rasmi sita, na Shirika la Biashara Duniani linatumia tatu, yaani Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022, na tunalifurahia hilo kwa dhati, ila mjumbe anayetegemea mkalimani katika mazungumzo ya pembeni, ambako mengi huamuliwa, huchelewa kila mara. Tunakusudia kuwalipa walimu wa Kifaransa na Kiarabu kwa masomo ya jioni.

Tunajua wako watakaosema kwamba vijana hawa wasubiri, wamalize kwanza, waajiriwe, kisha serikali zitawafunza. Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wa Tanzania, alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1979 aliliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kuanzia 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hatudai kwamba kila kijana ni Salim. Tunachosema ni kwamba uwezo wa namna hiyo hukua kwa kuaminiwa na kazi mapema, na kwamba anayeingia chumba cha mazungumzo kwa mara ya kwanza akiwa tayari na dhamana ya nchi mabegani amecheleweshwa.

Wanafunzi watakaonufaika watachaguliwa na jopo la walimu pamoja na wahitimu wawili wasio waajiriwa wa idara, kwa kuangalia juhudi ya masomo na uhitaji wa familia, na kila atakayerudi atawajibika kuwafundisha wenzake yale aliyoyaona katika zoezi la mazungumzo ya kuigiza linalofanywa kila muhula. Fedha zitatunzwa katika akaunti maalumu inayohitaji saini tatu, na taarifa ya mapato na matumizi, ikishakaguliwa, itatumwa kwa kila mchangiaji, awe ametoa kikubwa au kidogo.

Tunapokea fedha taslimu kwa mweka hazina wa kamati, ambaye atatoa stakabadhi papo hapo, na tunapokea ahadi za maandishi zinazolipwa kwa awamu hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Asiye na fedha kwa sasa anaweza kutusaidia kwa njia nyingine tunayoithamini vilevile: mwenye nyumba katika mji wenye balozi au taasisi za kimataifa anaweza kumpokea mwanafunzi kwa miezi miwili au mitatu, mwenye kampuni ya uwakala wa forodha au usafirishaji anaweza kutupa nafasi ya mwanafunzi mmoja, nao mabalozi na maofisa wastaafu wanaombwa sana watupe siku moja katika muhula wakaliongoze zoezi la mazungumzo, wawasahihishe vijana bila kuwaonea haya. Fomu za ahadi zinapatikana katika ofisi ya idara na kwa wajumbe wote wa kamati, na tunaomba zirejeshwe kabla ya muhula ujao kuanza, ili waliokwisha kupata barua za kukubaliwa wawahi kuomba viza.

Wenu katika utumishi,
Kamati ya Harambee, kwa niaba ya walimu na wanafunzi wa diplomasia na biashara ya kimataifa