Kipenga kisingoje mvua

Mhariri,

Mimi ni mwamuzi wa mechi za vijana. Matusi ya mashabiki nimeyazoea. Kinachonikera ni desturi ya kungoja mvua ndipo mchezo usimame. Wingu limetanda nyuma ya goli, ngurumo inasikika, lakini kwa kuwa nyasi bado ni kavu, makocha wote wawili wananipigia kelele: "Refa, tumalizie, zimebaki dakika kumi!"

Radi haina miadi na mvua. Inaweza kupiga zaidi ya kilomita kumi kutoka mahali mvua inaponyesha, huku juu ya vichwa vyenu anga ni jeupe. Na kwa kuwa ngurumo kwa kawaida haisikiki ng'ambo ya kilomita 15 hivi, ukishaisikia, hata kama ni kwa mbali, tayari radi inaweza kukufikia.

Wapo wanaopenda kuhesabu sekunde. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja, hivyo sekunde 30 kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita kumi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaeleza ilikopiga radi iliyopita, wala haisemi lolote kuhusu inayofuata. Mimi nikisikia ngurumo nasimamisha, na haturudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hapo ndipo penye ugomvi: dakika 25 zimekwisha, jua limechomoza, halafu inanguruma tena kidogo tu. Saa inaanza upya. Hakuna anayefurahi, nami sitegemei kushangiliwa.

Kusimamisha mchezo peke yake hakutoshi, maana watu hukimbilia mti. Sijui nani alitufundisha hivyo. Radi ikishuka kwenye mti huweza kumrukia aliye karibu na shina, na iliyobaki husambaa ardhini. Mtu aliyesimama miguu ikiwa imeachana hupitiwa na umeme huo, unaoingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine, bila yeye mwenyewe kupigwa. Mwaka 2016, katika nyanda za juu za Hardangervidda nchini Norwei, kulungu wa kaskazini zaidi ya 300 walikutwa wamekufa pamoja baada ya dhoruba ya radi. Kundi la watoto waliobanana chini ya mwembe au mkuyu haliko salama kuliko wanyama wale. Kulala chifudifudi nako ni kosa, kwa kuwa mwili unagusa ardhi sehemu kubwa zaidi.

Hema, mwavuli, banda la wachezaji wa akiba: vyote hivyo ni vya jua na mvua. Pa kwenda ni kwenye jengo lenye kuta na paa, lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, kisha msiguse nyaya wala mabomba hayo. Jengo likikosekana, basi au gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Si matairi yanayokinga, kama wengi wanavyodhani. Ni ile bodi inayoupitisha umeme nje ya abiria na kuushusha ardhini.

Kuna hofu nyingine inayogharimu maisha: eti aliyepigwa na radi haguswi. Mwili wake haubaki na umeme. Mguse, na kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja huku mwingine akiita msaada. Wakiwa wameanguka wengi, anzeni na aliyenyamaza kabisa. Anayelia kwa maumivu anapumua, atasubiri kidogo. Wengi wanaopigwa hupona, na wanaokufa mara nyingi ni wale ambao moyo umesimama.

Kwa waandaaji wa mechi, matembezi na kambi za vijana nina ombi moja. Ratiba yenu iandike jina la mwenye kauli ya kusimamisha shughuli na jengo watakalokimbilia watu. Kwenye soka, Sheria ya 5 ya mchezo, ile inayohusu mwamuzi, inamkinga asilaumiwe kwa uamuzi wake kuhusu hali ya hewa. Kiongozi wa matembezi hana kinga hiyo, naye mpeni kwa maandishi. Halafu pimeni muda wa kulifikia jengo hilo mkiwa na watoto wote na mizigo yao. Ikiwa ni robo saa, msingoje hata ngurumo ya kwanza: wingu likianza kujikusanya na kuwa jeusi, ondokeni.

Mwamuzi wa mechi za vijana