Kabla hamjatoboa ule ukuta wa meko

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku ni wazima. Picha za sebule nimezipata na nimezitazama kwa utulivu, hasa ile ya ukuta wa matofali, na naelewa kabisa kwa nini shemeji ameupenda. TV ya inchi 55 juu ya meko, matofali mekundu pande zote, chumba kizima kinaelekea hapo. Inapendeza. Hata hivyo naomba umwambie fundi asubiri kidogo. Shimo likishatobolewa kwenye tofali halirudi.

Umeniuliza kama ukuta utabeba. Utabeba, mradi matofali ni mazima, na hilo nitalieleza. Watu huogopa tofali kwa sababu ni gumu kutoboa, lakini ugumu huohuo ndio unaoshika bolti. Kinachonitia wasiwasi mimi ni moto unaowaka chini yake, na shingo ya mama akikaa kutazama taarifa ya habari.

Nianze na moto, kwa kuwa umesema meko mnayawasha kila msimu wa baridi. Hewa ya moto hupanda. Sehemu yake kubwa huingia kwenye dohani, yaani njia ya moshi, lakini iliyobaki hutoka mdomoni mwa meko na kupanda ukutani palepale mnapotaka kuiweka TV. Matofali nayo hunyonya joto polepole na kulishika kwa muda mrefu, kwa hiyo ukuta unaweza kuendelea kuwa wa moto hata kuni zikiwa zimebaki makaa. Fungua kijitabu kilichokuja na TV, utafute ukurasa wa mazingira ya matumizi. TV nyingi huandikiwa mwisho wa nyuzi 40 za Selsiasi, na hilo ni joto la hewa inayoizunguka, kabla TV yenyewe haijaongeza joto lake. Ikizidi hapo huenda isiharibike siku hiyo. Huchakaa kidogo kidogo: kapasita za ndani hukauka mapema, taa za nyuma ya kioo hufifia, rangi huanza kutofautiana upande mmoja na mwingine. Wakati huo ukienda kudai dhamana, la kwanza utakaloulizwa ni mahali ilipokuwa imefungwa.

Kwa hiyo pimeni. Chagua usiku wa baridi, uwashe moto mkubwa kama mnavyouwasha kweli, kuni zilezile, kwa kiasi kilekile. Bandika kipimajoto ukutani kwa utepe wa karatasi wenye gundi pale utakapokuwa ukingo wa chini wa TV, na kingine juu zaidi kama unacho. Usisome baada ya dakika kumi ukaridhika. Ngoja saa mbili au tatu, na hata moto ukipungua rudi usome tena. Ikibaki chini ya nyuzi 35, mimi nina amani. Ikicheza kati ya 35 na 40, inabidi kwanza muweke rafu juu ya meko, pana kiasi cha kuisukuma hewa ya moto ije mbele chumbani badala ya kupanda na ukuta. Ikivuka 40, TV isikae pale, hata kama bolti ni za chuma cha meli. Rafu yenyewe ikiwa ya mbao, kumbuka nayo ina umbali inaotakiwa kuwa nao kutoka mdomo wa moto. Maelekezo ya meko yenu yanautaja umbali huo, na fundi asikadirie kwa macho.

Kuna jambo jingine nimeliona kwenye picha ya pili ambalo hukulitaja. Matofali ya katikati, juu kabisa ya mdomo wa meko, yana weusi. Ule ni moshi unaotoka nje badala ya kupanda. Tafadhali ita mtu wa kusafisha na kukagua dohani kabla ya shughuli nyingine yoyote, TV iwepo au isiwepo. Masizi yale yataingia kwenye matundu ya nyuma ya TV, ndiyo, lakini hilo ni dogo. Panapopita moshi hupita pia kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, na watoto wanalala mlango wa pili. Kama hamna king'ora chake ndani ya nyumba, kinunue kabla ya kununua breketi, kile chuma cha kuishikia TV ukutani.

Sasa shingo. Nimefanya hesabu kwa vipimo ulivyonitumia. Mtu aliyekaa kwenye sofa macho yake huwa kama sentimita 105 kutoka sakafuni. Rafu mnayoifikiria itakuwa sentimita 130, na TV ianze kama 145 ili ipate nafasi ya kupumua. TV ya inchi 55 ina kimo cha karibu sentimita 68, kwa hiyo katikati yake itakuwa kwenye 179, na ukingo wa juu kwenye 213. Sofa iko mita mbili na nusu kutoka ukutani. Hapo mtazamaji anainua macho nyuzi 16 au 17 kufikia katikati ya picha, na kama nyuzi 23 kufikia juu. Nyuzi 15 ndizo ninazozichukulia mimi kuwa mwisho wa raha. Mpira wa dakika tisini mtauvumilia. Lakini mama, ambaye tayari shingo inamsumbua, anakaa pale jioni nzima. Isitoshe vioo vingi vya LCD hupauka rangi ukivitazama kutoka chini, nyeusi ikawa kijivu, na watakaoliona hilo zaidi ni watoto wanaokaa mkekani, kwa sababu wao wako chini zaidi na karibu zaidi.

Ingekuwa nyumba yangu, TV ningeiweka kwenye ule ukuta wa kushoto, juu ya kabati fupi, katikati yake ikiwa kwenye mita moja na kitu, na meko ningeyaachia matofali yake. Nimesema la moyoni. Ila ninyi ndio wenye nyumba, na shemeji ana macho ya kupanga chumba kuliko mimi, kwa hiyo nitaeleza pia namna ya kuifanya kazi vizuri kama kipimajoto kitawaruhusu.

Breketi ya kubana TV wima dhidi ya ukuta haifai kwa kimo hicho. Chukueni angalau ile inayoinamisha kioo kwenda chini, ambayo hurekebisha rangi ingawa haimwondolei mtu kazi ya kuinua macho. Iliyo bora zaidi ni ya mkono unaovutwa, ambao huitoa TV ukutani na kuishusha mbele ya meko mnapotazama, kisha unairudisha. Hiyo isishushwe moto ukiwa unawaka. Na fundi aelewe kwamba mkono hubadilisha hesabu ya uzito. TV ya kilo 20 ikibanwa ukutani huvuta bolti hasa kwenda chini. Ikitolewa sentimita 50 mbele, na bamba la breketi likiwa na kimo cha sentimita 20 kati ya bolti za juu na za chini, bolti za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kama kilo 50, na mkono wenyewe bado hatujauhesabu. Mtoto akiuning'inia, ni hesabu nyingine kabisa. Angalia pia nyuma ya TV umbali kati ya matundu manne ya skrubu, kwa mfano milimita 200 kwa 200 au 400 kwa 400, kwa sababu lazima breketi ilingane nayo.

Kabla ya bolti, jueni ukuta ni wa nini. Kuta nyingi za meko zinazoonekana za matofali ni vipande vyembamba vya urembo, sentimita mbili hivi, vilivyobandikwa juu ya ukuta mwingine. Vipande vile havibebi kitu, na bolti lazima ipite na kushika kilicho nyuma yake. Gonga sehemu mbalimbali kwa mpini wa bisibisi usikilize. Halafu fundi atoboe shimo moja dogo la majaribio, la milimita 5 au 6, mahali ambapo bamba la breketi litafunika, na wewe usimame karibu uangalie vumbi linalotoka. Shimo dogo kama hilo linasema mengi. Vumbi jekundu, kavu, linalotoka taratibu huku mashine ikilalamika, ni tofali zima. Likibadilika kuwa la kijivu au jeupe, biti, yaani ncha ya kutobolea, imeingia kwenye mota, ule mchanganyiko unaounganisha tofali na tofali. Biti ikichomoka ghafla kwenda mbele bila upinzani, tofali lina matundu ndani au pana uwazi nyuma. Na likitoka jeusi, simamisheni hapohapo: mmefika kwenye dohani.

Hilo la dohani naomba mlichukulie kwa uzito wote. Kati ya sebule na njia ya moshi huenda pana unene wa tofali moja tu lililolazwa, kama sentimita kumi. Tundu linalopenya hadi huko ni mlango wa moshi kuingia chumbani. Fundi afunge utepe kwenye biti kuonyesha kina anachotakiwa kuishia, sentimita sita au saba kwa kawaida, na asiuvuke. Kama tofali ni jembamba kuliko hapo, TV isifungwe pale. Wala mtu yeyote asikushawishi kupitisha waya ndani ya dohani eti kwa kuwa ipo tayari. Na kabla ya shimo la kwanza pitisheni kile kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba, hasa kwa kuwa meko yenu yaliwahi kutumia gesi.

Fundi wako anasema atatoboa kwenye mota kwa sababu ni laini na ni rahisi kuziba baadaye. Ni kweli ni rahisi kuziba, na kwa fremu ya picha ningemwachia. Kwa TV, na zaidi kwa TV ya mkono, sikubali. Mstari wa mota una upana wa kama milimita 10, na shimo la bolti nalo ni milimita 10, kwa hiyo bolti inabaki imeshikwa na mota inayomeguka na kingo za matofali mawili. Atoboe katikati ya tofali, mbali na kingo, na asichague tofali lenye ufa. Aanze bila kugongesha mpaka biti ipate makao, ndipo awashe nyundo ya mashine. Aanze na biti nyembamba kisha aje na kubwa. Shimo lisafishwe vumbi kwa kufyonzwa au kupulizwa kwa pampu, maana vumbi likibaki, bolti hushika vumbi badala ya tofali. Katika tofali zima, vile vijiti vya plastiki vizuri vinavyotangulia skrubu nene vinatosha. Bolti za kujitanua nazo hushika sana, lakini hulisukuma tofali kwa ndani, na tofali la zamani linaweza kupasuka zikikazwa kupita kiasi. Kwa tofali lenye matundu tumieni gundi ya kemikali pamoja na kile kifuko cha wavu kinachoingia shimoni kwanza, na isubiriwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake.

Matofali yenu hayako sawasawa, mengine yametokeza. Msiyachonge. Muweke washa, vile vibati vya duara vyenye tundu katikati, nyuma ya bamba pale palipo na pengo, mpaka pima maji itulie katikati, ndipo mkaze. Na wote mtakaokuwa chumbani vaeni barakoa, fundi aongeze miwani ya kinga. Vumbi la tofali lina silika, ambayo huumiza mapafu, na hulijui limekwenda wapi hadi umelala nalo. Watoto wasiwepo nyumbani siku hiyo.

Nyaya kwenye tofali hazina pa kujificha. Msikate mfereji kwenye matofali mazuri kama yale. Tranki nyembamba, yaani kifuniko cha plastiki cha nyaya, ikipita wima kandokando ya mstari wa mota, ikapakwa rangi ya tofali, haionekani ukiwa sofani. Soketi mpya nyuma ya TV aifunge fundi umeme, na waya wake usipite karibu na mdomo wa meko.

Nisomee namba za kipimajoto mara tu mtakapozipata, na unipigie picha ya lile vumbi la shimo la kwanza likiwa kwenye karatasi nyeupe. Fundi akikubali, niunganishe naye kwa simu tuongee kuhusu bolti kabla hajanunua. Mwambie shemeji kwamba sijaupinga mpango wake, na mama mpe salamu zangu za pekee, umuulize pia yeye angependa kukaa wapi.

Wako akupendaye daima.