Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na historia ya Slope Day

Ndugu wanachama, habari za tangu mwaka jana, poleni na majukumu. Mambo ya hela mweka hazina atayasoma mwenyewe, mimi niseme tu michango imeingia vizuri, hela nyingi imeenda kwenye mashine ya kuskani na tumeshaanza kuitumia. Muda wangu nataka niuweke kwenye ile kazi iliyotukutanisha, yaani kuitunza historia ya Slope Day, tamasha la muziki la chuo kikuu cha Cornell, jimbo la New York kule Marekani, kila mwezi wa 5 masomo yanapoisha.

Kitu kimoja nimekiona mwaka huu na kinaniumiza: chuo kinasahau haraka mno. Mwanafunzi anakaa miaka 4 anaondoka, na anaondoka na yote aliyoyaona. Angalieni ilivokuwa wakati wa corona, 2020 tamasha halikufanyika, 2021 watu hawakukusanyika, sasa liliporudi 2022 wanafunzi wa shahada ya kwanza waliowahi kuliona kwa macho yao ni wa mwaka wa mwisho peke yao, wengine wote walikuwa wanasimuliwa tu. Lingekosekana mwaka mmoja zaidi asingebaki hata wa kusimulia.

Na habari yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavodhani. Kulikuwa na Spring Day tangu 1901, siku ya maonyesho na michezo na mbio za makasia kule ziwa Cayuga, na hela iliyopatikana ilisaidia michezo ya chuo. Ile ikaja kufifia, halafu mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaanzisha tamasha la Springfest, na 1979 likahamia Libe Slope, ule mteremko wa majani unaoshuka kutoka maktaba ya Uris hadi mabweni ya West Campus. Aliyesoma pale anaujua ule mlima, unaupanda asubuhi na begi mgongoni hadi pumzi inakata, lakini ukiweka steji kule chini basi watu wote wanaona, hakuna anayemziba mwenzake, ni kama ulichongwa kwa ajili ya muziki.

Disemba 1985 jimbo la New York likapandisha umri wa kunywa pombe hadi miaka 21, maana serikali kuu ilishatunga sheria 1984 kwamba jimbo lisilofanya hivo litapunguziwa hela za barabara. Kwa hiyo sheria iliyokuja kwa mlango wa barabara ikaenda kubadilisha tamasha la wanafunzi. Wanafunzi wengi hawajafika miaka 21, basi chuo kikajitoa, wanafunzi wakaja wenyewe mlimani siku ya mwisho ya masomo kama kawaida, na wakaendelea hivohivo mwaka hadi mwaka bila shoo kubwa, hadi miaka ya 2000 ilipoanza ndo steji ikarudi pamoja na fensi na utaratibu. Kwangu mimi kipindi hiki cha katikati ndo cha thamani kuliko vyote, maana hakuna aliyewaita na bado walikuja, na ndo kipindi ambacho hatuna karibu chochote! Marapa Drake, aliyepiga 2010, na Kendrick Lamar, 2013, picha zao zimejaa kila mahali. Miaka ya 90 tunaokota kimojakimoja.

Ndo maana nilishika kichwa mwezi wa 3 mwanachama mmoja alipotuletea boksi kutoka stoo ya kaka yake. Ndani kuna tisheti ya Slope Day, kola imelegea, maandishi ya kifuani yamepasuka kama udongo wa kiangazi, na mgongoni kuna doa la majani ambalo halijatoka mpaka leo, mtu alikaa pale mlimani akalala chali. Chini yake kuna kaseti haina hata lebo.

Msiidharau kaseti. Bendi ya roki ya Grateful Dead ilipiga kwenye ukumbi wa Barton Hall, palepale Cornell, tarehe 8 Mei 1977, halikuwa tamasha letu lakini ni jirani yake, na usiku ule theluji ilianguka, Mei! Shoo ile inajulikana dunia nzima kwa sababu fundi sauti wao, Betty Cantor-Jackson, aliirekodi vizuri. Na hata kanda zake zilikuja kuuzwa kwa mnada 1986 pamoja na vitu vya stoo, zingeweza kabisa kuishia jalalani. Leo rekodi ile iko kwenye orodha ya kitaifa ya rekodi za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mwaka 2025 nao tumeuhifadhi kama ulivyokuwa. Uongozi wa chuo ulimwondoa mwimbaji Kehlani kwenye orodha ya wasanii kwa sababu ya kauli zake kuhusu Israel na Palestina, T-Pain akaja badala yake, na watu waligawanyika sana. Baadhi yenu mlitaka tusiliguse hili. Mimi nimekataa na bado nakataa, tumeweka maandishi ya pande zote, atakayekuja miaka 30 ijayo asome mwenyewe.

Kaseti tumempa fundi, ameomba wiki mbili kwa sababu utepe umekunjamana. Mwenye picha, tiketi au hata barua ya miaka ya 80 na 90 ailete kabla ya mkutano, na tafadhali andikeni nyuma kwa penseli ni mwaka gani na nani amesimama wapi.