Komwe 64 za babu

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku kwetu sote tu wazima, alhamdulillahi, na mama anakusalimu sana. Nimeshika kalamu kwa jambo moja tu, nalo limeninyima usingizi siku tatu.

Unalikumbuka bao la babu, lile tulilokuwa tukigombania kila alasiri barazani? Sasa liko kwangu, pamoja na mfuko wake wa komwe, zile mbegu za kuchezea. Juzi usiku umeme ulikatika, nikawasha kandili na kuzimwaga komwe mkekani nizihesabu. Zilikuwa 63. Nikarudia, 63. Moja haipo.

Basi nikakaa nazichezea, kuzipanga mafungu. Matatu ya 21, sawasawa. Saba ya tisa, sawasawa. Asubuhi mwanangu akaiokota ile iliyopotea chini ya mtungi. Nikaitia, nikapanga tena, na mambo yote yakageuka: kwa tatu inabaki moja, kwa saba inabaki moja, kwa tisa inabaki moja. 64 haikubali ila kugawika kati kwa kati: 32, 16, 8, 4, 2, mpaka 1. Vigawanyo vyake ni saba basi, pamoja na yenyewe, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawanyo saba kamili.

Sasa jumlisha vile vilivyo chini yake: 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Unapata 63! Komwe ileile ya chini ya mtungi. Namba 6 ukijumlisha vigawanyo vyake vidogo unaipata yenyewe, 28 vilevile. 64 imepungukiwa na moja tu.

Kwenye bao tulikuwa tunaiona kila siku bila kuijua. Mashimo 32, mbili mbili kila shimo tulipokuwa bado tunajifunza. Na katika bao la Kiswahili, sita kwenye nyumba, lile shimo kuu, mbili na mbili kwenye mashimo ya pembeni yake, 22 mkononi: 32 zako, 32 zangu.

Lakini kilichonishika hasa ni hiki. Nilizipanga mkekani safu nane za nane, ukawa mraba mzuri. Nikataka kujua kama zitasimama pia kuwa mchemraba. Komwe zinateleza, hazipandani, kwa hiyo nikaenda kwa seremala wa jirani akanikatia vipande 64 vya mbao, vyote saizi moja. Kumi na sita chini, tabaka nne. Ukasimama, haukuzidi kipande wala kupungua. Ukiiacha 1, hii ndiyo namba ya kwanza iliyo mraba na mchemraba pia. Ukitaka nyingine uende mpaka 729, yaani 27 kwa 27, au 9 kwa 9 kwa 9. Sababu yake nimeiona kwenye namba mbili: 64 ni mbili sita zilizozidishwa pamoja. Sita hizo zigawe tatu na tatu, unapata 8 kwa 8. Zigawe mbili, mbili na mbili, unapata 4 kwa 4 kwa 4. Skuli tulivikariri vipeo, ila hatukuwahi kupewa namba ya kuishika mkononi.

Vipande nimevihifadhi kwenye kopo la biskuti, nataka uupange mchemraba mwenyewe. Ile komwe ya chini ya mtungi nimeitia nukta ya wino. Ukija Idi, inshaallah, namua ya kwanza, ile ya kutia komwe ya mkononi, ni yako, na uanze nayo hiyo.

Wasalaam,
Sahibu yako