Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati ya utendaji, na wageni wetu waalikwa,

Hesabu za fedha anazo mweka hazina. Idadi ya wanachama, mahudhurio na vikao imo kwenye taarifa ya katibu, na zote mmegawiwa mlipoingia. Sitazisoma upya. Mimi nitaeleza kamati yenu, ya chama chetu hiki cha watu wanaoishi na VVU, iliamua nini mwaka huu na kwa sababu gani, kisha nitawaomba mfanye uamuzi kwenye mambo matatu kabla hatujatawanyika.

Mwaka wenyewe mnaujua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na PEPFAR, mpango ambao tangu 2003 umebeba sehemu kubwa ya dawa na huduma za VVU katika nchi nyingi, ukakumbwa humo humo. Siku chache baadaye kilitolewa kibali cha kuendelea na huduma za kuokoa maisha. Lakini kibali ni karatasi. Mishahara, usafiri na mikataba midogo midogo kama wetu havikurudi kwa kasi iliyoandikwa kwenye kibali. Mfadhili wetu, ambaye naye alikuwa anapokea kutoka juu na kutushushia sisi wa chini, alituandikia barua fupi sana: shughuli zisimame, matumizi yasimame, maelezo yatafuata. Maelezo yalipofika, waelimishaji rika wetu walikuwa wameshafanya kazi muda mrefu bila posho, na baadhi yao walikuwa wameshatafuta kazi nyingine. Siwalaumu hata kidogo.

Hofu ilifika kabla ya upungufu. Uvumi ulipoenea kwamba dawa zinakwisha, wapo wanachama walioanza kumeza leo na kuruka kesho ili kopo lidumu. Hili nalirudia hapa kama wahudumu walivyolisema kliniki: ukiruka dozi unavipa virusi nafasi ya kujenga usugu, na hapo hata dawa zikija kwa wingi huenda zisikusaidie kama zamani. Ukibakiwa na vidonge vichache, meza kama kawaida na utoe taarifa mapema, siyo siku kopo linapokuwa tupu.

Kamati ilikaa kikao cha dharura na swali moja mezani: kilichobaki kwenye akaunti kiende wapi? Orodha ilikuwa ndefu. Kulikuwa na semina, vipindi vya redio, mafunzo ya ujasiriamali, fulana za Siku ya UKIMWI Duniani, kodi ya ofisi, na nauli za waelimishaji rika wanaowafuatilia waliopotea kliniki. Tulibakiza viwili vya mwisho, vingine vyote tukavifuta. Wapo walionuna kuhusu fulana, na mmoja alinipigia simu usiku kunieleza kwamba chama kisichovaa sare ni kama hakipo. Namheshimu, lakini tumetofautiana. Fulana huonekana. Mtu aliyerudi kwenye dawa haonekani, tena hatakiwi aonekane, na ndiyo maana kazi hii haina wa kuipigia makofi na wafadhili huwa wepesi kuikata.

Sababu ya uamuzi wetu ni hii. Mtu akiacha dawa, virusi hurudi damuni ndani ya wiki chache. Mwanzoni hajisikii vibaya, na pengine anajiona amepona. Kinga ikishuka hadi CD4, yaani hesabu ya seli za kinga damuni, chini ya 200, analazwa na kifua kikuu, ambacho hadi leo ndicho kinachoongoza kuua watu wanaoishi na VVU, au na ile homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Kwa takwimu za UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa UKIMWI, mwaka 2024 watu milioni 40.8 duniani walikuwa wanaishi na VVU, na milioni 31.6 kati yao walikuwa kwenye dawa. Mwaka huo huo watu 630,000 walikufa kwa magonjwa yanayohusiana na UKIMWI, na dawa nzuri zipo. Katika wanaofikishwa hospitali wakiwa hoi siku hizi, wengi si wageni wa dawa. Walishaanza, wakaacha, na aghalabu hakuna aliyewauliza kwa upole kwa nini.

Wanaofikiri kufuatilia ni kupiga simu na kuuliza “mbona huji kliniki?” wangetembea siku moja na waelimishaji wetu. Kuna aliyehamia kwa mwajiri asiyetoa ruhusa. Kuna ambaye mume hajui. Kuna aliyeombewa akaambiwa amefunguliwa, atupe vidonge kama ushahidi wa imani. Kuna aliyefokewa dirishani mbele ya watu kwa kuchelewa tarehe yake, akaapa hatakanyaga tena. Mtu wa namna hii ukimkaripia umempoteza mara ya pili.

Mwanachama mmoja ameniruhusu nimseme bila jina. Analala chumba kimoja na mawifi zake. Kopo la dawa hulia likitikiswa, na mlio ule kila mtu siku hizi anaujua. Kwa hiyo alikuwa anavitoa vidonge kwenye kopo, anavifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuvificha ndani ya nguo. Vikala unyevu, vikaanza kushikana na kumeguka. Akaona aibu kurudi kliniki kuomba vingine kabla ya tarehe, akaacha. Mwelimishaji rika aliyemfikia hakufika na somo. Walikaa nje wakazungumza mambo mengine kabisa, hadi habari ya kopo ikaja yenyewe. Dawa ikabaki ndani ya kopo lake, juu yake wakashindilia pamba isitoe mlio, na saa ya kumeza ikahamishwa kutoka usiku kwenda mchana anapobaki peke yake. Kliniki ilimpokea bila maneno, na niseme kwa haki kwamba muuguzi aliyekuwa zamu siku ile alitusaidia kuliko barua zote tulizowahi kuandika. Sasa mama huyu anakwenda na wengine majumbani, na hakuna semina iliyomfundisha hayo.

Jambo hili linanipeleka kwenye siri. Waelimishaji wetu hawaendi kwa mtu na sare, hawaulizi majirani, hawaachi ujumbe kwa yeyote, na kwenye simu zao majina ya wanachama hayaandikwi pamoja na neno lolote la chama. Pamoja na hayo, mwaka huu picha ya kikao chetu ilionekana kwenye kundi la WhatsApp lisilo letu. Mwanachama aliyeisambaza alisema alitaka kujivunia wenzake, na ninaamini alikuwa na nia njema. Lakini kuweka wazi hali ni haki ya mwenye hali. Wewe ukiwa huru kutangaza yako, aliyeketi nyuma yako kwenye picha hajakutuma. Kuanzia sasa hakuna kupiga picha vikaoni, hata ya mgeni rasmi, hadi kila aliyemo ndani ya picha akubali kwa kinywa chake.

Kuhusu dawa zenyewe, maswali yaliyofika ofisini yalikuwa mengi kuliko miaka ya nyuma, na mengi yanahusu kidonge chenye dolutegravir, ambacho wengi wetu tuko nacho tangu Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipokipa kipaumbele mwaka 2019. Kinashusha virusi haraka na ni kigumu kuzalisha usugu. Malalamiko ya kuongezeka uzito na kukosa usingizi ni ya kweli na yafikishwe kliniki. Msijipunguzie dozi wenyewe. Kuna jambo linalosahaulika sana. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, na dawa za kutuliza asidi tumboni, huizuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Utaratibu ni kumeza dolutegravir saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada ya dawa hizo. Chuma na kalsiamu zinaweza kumezwa pamoja nayo endapo ni wakati wa chakula, lakini dawa za asidi hazina ruhusa hiyo. Wajawazito walisikie hili vizuri, maana vidonge vya chuma hupewa karibu wote. Anayeanza dawa ya kifua kikuu yenye rifampicin aseme yuko kwenye dolutegravir, kwa kuwa kawaida dozi huongezwa iwe mara 2 kwa siku. Mwenye kisukari anayetumia metformin naye aseme, kwa sababu huenda kipimo chake kikahitaji kupunguzwa. Tunazeeka, ndugu zangu, na kuzeeka ndiko tulikokuwa tunakuomba. Presha na sukari zimeingia chamani kama wanachama wapya, basi mpeni daktari orodha yote ya mnachomeza, pamoja na za mitishamba.

Habari ya virusi kutoonekana kwenye kipimo, yaani dawa kuvifubaza hadi usimwambukize mwenza, bado inapotoshwa pande mbili. Upande mmoja wapo wasioamini kabisa, wanaendelea kuishi na woga wa kumwambukiza mwenza wakati majibu yao ya wingi wa virusi ni safi miaka nenda rudi. Tafiti kubwa zilizofuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, zikiwemo za PARTNER zilizotoa matokeo 2016 na 2019, hazikukuta hata maambukizi mamoja yaliyotoka kwa mwenza mwenye virusi vilivyofubazwa. Upande wa pili wapo waliosikia nusu ya habari. Kutoonekana kunathibitishwa na kipimo, siyo na afya ya uso, na ni kwa anayeendelea kumeza. Hakuzuii kaswende wala kisonono. Kwa mama anayenyonyesha, hatari huwa ndogo sana lakini haijathibitishwa kuwa sifuri, hivyo mtoto aendelee na dawa zake za kinga na vipimo kama kliniki ilivyopanga.

Sindano ya lenacapavir imeulizwa karibu kila kikao. WHO iliipendekeza Julai 2025 kama kinga kwa wasio na VVU, inachomwa mara 2 kwa mwaka, baada ya utafiti mmoja wa 2024 kuonyesha kwamba kati ya wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa, hakuna aliyeambukizwa. Si tiba yetu sisi. Ni kwa ajili ya wenza wetu na watoto wetu wakubwa, na ofisi itatoa tangazo pale itakapopatikana kliniki tunazozifahamu. Hadi hapo, vidonge vya kinga kabla ya hatari vipo, na aliyepata hatari leo awahi ndani ya saa 72 aanze dawa za siku 28.

Vijana waliozaliwa na VVU ndio wanaonikosesha usingizi. Wamelelewa kwenye kliniki ya watoto ambako muuguzi anawajua kwa majina na anajua nani amefiwa na nani. Siku moja wanahamishiwa kwa watu wazima, wanapewa namba, wanapanga foleni na wazazi wa marafiki zao. Wengi hupotea hapo hapo. Ugumu zaidi ni kwamba baadhi hawakuambiwa ukweli mapema. Waliambiwa dawa ni za pumu, au za kifua, wakaja kusoma jina lake mtandaoni wakiwa na hasira ya kudanganywa. WHO inashauri mtoto aelezwe hali yake akiwa umri wa shule ya msingi, hatua kwa hatua kadiri akili yake inavyopokea. Wazazi wenzangu, najua kwa nini tunachelewa. Ukimweleza ya kwake utalazimika kumweleza na ya kwako. Ofisi inaye mtu wa kukaa nanyi siku hiyo, msiibebe peke yenu.

Mradi wa bustani umeendelea. Kamati ya maadili haikupata shauri lolote zaidi ya lile la picha.

Sasa mambo matatu ya kura. La kwanza ni ada. Mapendekezo ya kiwango yako kwenye karatasi ya mweka hazina, na asiye na uwezo atasamehewa kwa kumweleza katibu faragha. Fedha hii itaingia kwenye nauli za ufuatiliaji peke yake, ili barua ya mtu wa mbali isije ikasimamisha tena kazi hiyo. La pili ni marekebisho ya katiba yetu: theluthi mbili ya wajumbe wa kamati ya utendaji wawe watu wanaoishi na VVU. Mwaka 1983 huko Denver, Marekani, wagonjwa wa UKIMWI wenyewe walidai kukaa kwenye bodi zinazoamua mambo yao, na mwaka 1994 serikali 42 zilitia saini Paris kuwashirikisha. Inashangaza chama chetu wenyewe hakina kifungu hicho. La tatu ni kiti kimoja cha kamati kwa kijana aliye chini ya miaka 25, mwenye haki ya kupiga kura kama mjumbe mwingine yeyote. Wapo wanaosema vijana hawana uzoefu wa uongozi. Uzoefu wa kumeza dawa tangu utotoni hakuna kati yetu wazee aliye nao.

Tutaanza na kura ya ada kwa sababu bajeti inaitegemea. Kura zote ni za siri, na karatasi hazina sehemu ya kuandika jina. Anayehitaji kusomewa atachagua mwenyewe wa kumsomea.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti