Kabla ya kuuza ng'ombe, tuambiwe ni mionzi ipi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia za huku Moshi zenye mgonjwa ambaye saratani imesambaa hadi kwenye ubongo, na madaktari wanaoziandikia rufaa.

Mwaka 2019 dada yangu, aliyekuwa ametibiwa saratani ya titi, alianza kuamka na kichwa kinachogonga, anatapika kabla hata ya chai. Tukasema malaria. Kisha kandambili ya kushoto ikawa inamvuka mguuni, anatembea bila kujua kwamba ameiacha nyuma. Picha ikaonyesha uvimbe kichwani, tukapewa karatasi: aende Dar es Salaam akapate mionzi. Ya namna gani, siku ngapi, imsaidie nini, hatukuambiwa wala hatukuuliza. Unaulizaje usichokijua? Ukoo ukakaa kikao, ng'ombe wa maziwa akauzwa, tukapanda basi la alfajiri.

Mengine nimekuja kuyajua kwenye benchi la kusubiria, na mengi zaidi baada ya msiba.

Dada alipigwa mionzi ya kichwa kizima. Plastiki yenye matundu hulainishwa kwenye maji ya moto, ikatandazwa usoni mpaka igande kwa umbo la mgonjwa, halafu hubanwa kitandani kichwa kisitikisike. Dakika chache tu, haiumi. Alikuwa akitoka na alama za wavu kwenye paji la uso, anatuambia, "Nimevuliwa kama perege, nani ananikaanga?" Nywele zilipukutika, akachoka hata kunyanyua kikombe, lakini kichwa kiliacha kuuma.

Alipangiwa siku kumi, gray 3 kila siku; gray ni kipimo cha mionzi. Ukiongeza Jumamosi na Jumapili ambazo hakuna matibabu, ni wiki mbili za chumba cha kupanga na chakula cha watu watatu. Ipo ratiba nyingine inayotumika duniani kote, ya siku tano, gray 4 kwa siku, na tafiti zilizolinganisha ratiba za namna hii hazikuona tofauti ya maana katika muda wa kuishi. Huenda daktari alikuwa na sababu ya kuchagua kumi. Lakini kwa mtu anayetoka Kilimanjaro, siku tano ni nusu ya ng'ombe.

Namna ya pili ni mionzi ya kulenga uvimbe wenyewe, ambayo wengine huiita upasuaji usio na kisu. Daktari wa upasuaji wa ubongo Lars Leksell na wenzake walianza kutumia mashine yao ya Gamma Knife huko Sweden mwaka 1968, na siku hizi hata mashine za kawaida za mionzi, ziitwazo LINAC, zenye vifaa vinavyostahili huifanya kazi hiyo. Humfaa hasa mwenye uvimbe mdogo, mmoja hadi minne hivi, ambaye bado ana nguvu. Faida yake kubwa ni kwamba kumbukumbu haiguswi sana. Ila lazima arudi kupigwa picha ya MRI kila baada ya miezi miwili au mitatu, maana uvimbe mpya unaweza kuota pengine. Anayefikiria kuuza kiwanja aende India aihesabu na safari hiyo ya kurudi.

Na kuna lisilopendwa kusemwa kikaoni: pengine mionzi haiongezi kitu. Utafiti wa Uingereza na Australia uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu wasiofaa kwa upasuaji wala mionzi ya kulenga, ulikuta waliopewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, na matunzo tu waliishi karibu sawa na walioongezewa mionzi ya kichwa kizima: wiki 8.5 kwa 9.2. Hayo ni ya mapafu, titi lina hesabu yake. Lakini familia ina haki ya kulisikia kabla mnunuzi hajaingia zizini.

Ombi langu ni dogo. Anayeandika rufaa atamke uvimbe ni mingapi, anategemea mionzi ifanye nini, na kama siku tano zinatosha. Dakika kumi, kwa Kiswahili, mbele ya yule ndugu anayeshika pesa.

Dada aliishi miezi saba. Mwishoni majina ya wajukuu yalimpotea, iwe ni kwa ugonjwa au kwa mionzi, sijui. Ng'ombe hakumsahau. Kila asubuhi aliuliza kama amekamuliwa, nasi tukamjibu ndiyo.

Mwalimu mstaafu,
Kiboriloni, Moshi