Mwanangu, soma hii kabla hujapanda basi la Kigali

Mama yangu hujambo. Huku wote wazima, baridi ya Arusha ndo imeanza na mamako hatoki jikoni kwenye mkaa. Nilitaka kupiga simu nikaona ukipokea utasema baba niko bize nitakupigia, af hupigi, bora niandike utasoma njiani, safari yenyewe ndefu.

Kwanza hongera. Nimewaambia mpaka wale wa kijiweni kwamba binti yangu kaitwa Kigali kutangaza Kwibuka T20, yale mashindano ya kriketi ya wanawake, mmoja akauliza kriketi ndo ule mchezo wa kupiga mpira kwa ubao wa kufulia, nikaona nisipoteze mate. Najivunia, hilo lijue. Ila kuna kitu kinaninyima usingizi na nitakisema mara moja tu: chunga mdomo.

Mdogo wako kanionesha ile video ya mechi mliyotangaza juzijuzi. Yule msichana aliyedondosha mpira wa kudaka kule mpakani mwa kiwanja, mpira uko juu kabisa, kajipanga vizuri, mikono ipo pamoja, ukamponyoka, na wewe ukasema "huyu alikuwa anawaza harusi" na mwenzako akacheka mpaka akakohoa. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena, safari hii nikamwangalia yule mtoto. Kainama anafuta viganja kwenye suruali, anavitazama kama sio vyake. Na nikaona kitu kingine, kivuli chake kimelala nyuma yake, yani jua lote lilikuwa usoni! Hakuwa anawaza harusi, alikuwa haoni. Sa mimi niliyekaa kwenye kochi huku Arusha nisiyejua hata kushika bati, lile gongo la kupigia, nimeliona jua, wewe uliyekuwa pale na kipaza sauti hukuliona? Ungetaja jua ungekuwa umetupa kitu tusichokijua. Ulitupa harusi. Na yule ana mama yake anayesikiliza kama mimi ninavyosikiliza.

Usinielewe vibaya, sauti unayo na mchezo unaujua. Ule muda ulipoeleza kwa nini bola, yani mrushaji, kaanza kurusha mpira wa polepole mana pichi, pale mpira unapodunda, imekauka na mpira unachelewa kufika kwenye bati, hapo nilimwita mamako aje asikie. Hiyo ndo kazi. Lakini baada ya hapo, mpira ukifika mpakani wakapata mikimbio minne, yani pointi nne, ukaanza tena mpira umeenda foo, ooh umeenda foo, foo nzuri sana. Tumeuona mama, picha iko mbele yetu. Yule mzee wa Australia Richie Benaud aliwahi kuwa kapteni wa timu yao ya taifa af akaja kutangaza, na watu wanamsifu mpaka leo kwa vile alivyojua kukaa kimya, kama hana cha kuongeza juu ya picha haongezi. Wewe ukimya unakutisha, mpira ukirudi kwa bola zile sekunde chache lazima uzijaze, na ukikosa cha kujazia ndo unatoa utani, na utani ukitoka hauna breki.

Redio ni habari nyingine, kule lazima useme. Enzi naendesha gari pale AICC Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, hadithi za pale unazo zote sizirudii, kuna mwanasheria wa Barbados nilikuwa namchukua, yeye kwake mtangazaji alikuwa mmoja tu, Tony Cozier. Alisema Cozier akitangaza redioni unajua upepo unatoka wapi, nani kasimama wapi, nani anachechemea, na West Indies, timu ya visiwa vya Karibiani, wakicheza ovyo anasema wamecheza ovyo japo ni kwao. Na Cozier hakuwahi kuichezea West Indies hata siku moja. Mtangazaji Harsha Bhogle naye hajawahi kuvaa jezi ya India, alisomea uhandisi. Kwa hiyo ile hoja yako kwamba watakudharau kwa sababu hukufika timu ya taifa, iache hapo Dar. Ila Tanzania wakicheza usiseme "sisi tunahitaji mikimbio 20". Sisi nani? Wewe hushiki bati.

Sasa nirudi kwenye mdomo. Unamkumbuka Dean Jones? Mwaustralia, mpigaji hodari sana zama zake. Agosti 2006 yuko Colombo anatangaza Sri Lanka na Afrika Kusini, Hashim Amla wa Afrika Kusini kadaka mpira, na Amla ni Mwislamu mwenye ndevu ndefu, basi Jones akasema gaidi kapata wiketi nyingine, yani kamtoa mpigaji mwingine. Yeye alijua wameenda kwenye matangazo ya biashara. Kumbe watazamaji wa Afrika Kusini hawakukatiwa, walikuwa bado wanamsikiliza. Akafukuzwa kazi hapohapo, akaomba radhi sana, na miaka yote iliyofuata alitangaza tena sehemu nyingi lakini neno lile halikumwachia. Kwa hiyo mpaka utoke kwenye kile chumba na kufunga mlango, kipaza sauti kihesabu kipo hewani, hata wakuambie kimezimwa. Chai inyweni mkiongelea hali ya hewa.

Na unakoenda ni Kigali. Mimi sio mtu wa kukutisha, ila ile redio ya Rwanda, RTLM, ilipoanza Julai 1993 haikuanza na mauaji, ilianza na mziki mzuri na watangazaji wachekeshaji, vijana waliipenda. Utani kidogo kidogo, huyu mrefu, huyu pua yake, mpaka wakafika kuita watu mende, na 1994 wakawa wanataja nani kajificha wapi. Desemba 2003 wenye ile redio wanahukumiwa pale AICC mimi niko nje kwenye gari nasubiri. Ndo mana sipendi utani wa maumbile ya watu kwenye kipaza sauti, sipendi popote, ila huko ndo kabisa. Hayo mashindano yenyewe yanachezwa tangu 2014 kuwakumbuka waliouawa. Na kabla ya kiwanja cha Gahanga kufunguliwa 2017 walikuwa wanachezea pale shule ya ufundi Kicukiro, palepale watu walipokimbilia Aprili 1994, askari wa UN wakaondoka wakawaacha, wakauawa. Wachezaji wengi utakaowaona walizaliwa baadaye, lakini wana wazazi. Usiulize mtu kabila. Usimwite mchezaji "mrefu kama nini" ukamalizia na kitu cha kwako. Sema bola ni mrefu kwa hiyo mpira unadunda juu, basi, ishia hapo.

Nikupe mtihani, na usinijibu kwenye grupu la familia. Juni 2019, Kwibuka hiyohiyo, timu ya wanawake ya Mali ilitolewa yote kwa mikimbio 6 na Rwanda. Sita! Mmoja tu ndo ulitoka kwenye bati, mitano ilikuwa ya ziada, wapigaji tisa hawakupata kitu. Rwanda wakahitaji mipira minne kumaliza. Siku mbili baadaye Uganda wakawapiga mikimbio 314 na Mali wakapata 10. Ungekuwa pale ungesema nini? Najua ungesema nini, nakujua, na watu wangecheka na hiyo klipu ingezunguka dunia nzima na wewe ungepata wafuasi. Lakini kuna mtangazaji angetuambia hawa mabinti wametoka nchi ambayo kriketi ndo kwanza inatambaa, leo wamekutana na bola wa timu ya taifa, angetuonesha miguu yao inavyochelewa, yani mpira unafika wao bado wanainua bati, angemtaja kwa jina yule aliyeupata ule mkimbio mmoja. Huruma sio kudanganya, sema wamezidiwa, sema wazi kabisa. Ila usikanyage.

Halafu majina. Rwanda wana Ishimwe zaidi ya mmoja, kuna Gisele na kuna Henriette, ukituambia "Ishimwe huyoo" tutajuaje ni yupi. Huyo Henriette Januari 2023 kule Afrika Kusini, kombe la dunia la mabinti chini ya miaka 19, aliwatoa Zimbabwe wanne kwa mipira minne mfululizo. Vitu kama hivo uwe navyo kwenye daftari kabla, sio unagugo mpira ukiwa hewani, nilikusikia unabofya kompyuta. Nenda mazoezini siku moja kabla, mwambie kila mchezaji alitamke jina lake mwenyewe, uandike vile unavyosikia.

Angalia mtangazaji Ian Bishop 2016 pale Kolkata, fainali ya kombe la dunia la T20. West Indies wanataka mikimbio 19 ova ya mwisho, yani mipira sita ya mwisho, Carlos Brathwaite akampiga Ben Stokes wa Uingereza sikisi nne mfululizo, kila moja mikimbio sita, na Bishop alichofanya ni kuliita lile jina na kuwaambia watu walikumbuke. Wakalikumbuka kweli. Bishop mwenyewe alikuwa bola, angeweza kupiga siasa za mchezo dakika tano pale, hakupiga. Wewe ukipiga kelele kuanzia ova ya kwanza, ya mwisho utapiga nini?

Yale niliyosema zamani kwamba huo ni mchezo wa Wahindi usiyashike sana, mamako naye alikuwepo na hakunibishia. Na mdomo anasema hukuuokota barabarani, najua anamaanisha nani, tuyaache.

Safari sasa. Usibebe chochote kwenye mfuko wa plastiki, Rwanda hawataki kabisa, pale mpakani Rusumo watakushusha ufungue begi zima mbele za watu. Saa zao ziko nyuma yetu saa moja, kwa hiyo ukiambiwa mechi saa tatu usiende kwa saa ya Dar. Magari yanapita kulia, ukivuka barabara angalia kushoto kwanza. Ukifika salimia watu vizuri, wakubwa uwasalimie kwanza wewe, usisubiri.

Huku tenki limepasuka tena, palepale alipoziba fundi, nikimpigia anasema yuko Moshi. Kuku watatu wamekufa, mamako anasema ni baridi mi nasema ni ile chakula ya mfuko aliyonunua kwa rafiki yake. Dawa zake za presha anakunywa, nahesabu mwenyewe vidonge. Ile laki mbili yako tutaongea ukirudi, mambo ya tenki yaliingia katikati. Ada ya mdogo wako imebaki kidogo, kama hao wa Kigali wanalipa mapema sio lazima, ila kama wanalipa mapema nijulishe.

Ukifika Rusumo nipigie kabla hujabadilisha laini. Na mdogo wako anauliza ile simu yako yenye kioo kilichopasuka unaiacha au unaenda nayo, mana ya kwake haishiki chaji, nijibu kabla ya Jumamosi nisije nikaipeleka kwa fundi bure.

Baba yako

Nyongeza: mechi ya kwanza nitaangalia na mamako. Nikisikia harusi nazima.